Barua ya wazi kwa wakuu wa kazi kuhusu ganzi ya mikono

Waheshimiwa wakuu wa sehemu za kazi, mameneja, wasimamizi wa zamu, maafisa ununuzi, na kila mmoja ambaye uamuzi wake ndio unaopanga mikono ya wengine ifanye nini kuanzia asubuhi hadi jioni,

Nimefanya kazi ya kukata vitambaa kwa miaka 11. Nawaandikia ninyi, wala si wafanyakazi wenzangu, kwa sababu wenzangu wameshaambiwa vya kutosha. Wameambiwa wanyooshe vidole, wakung'ute mikono, wakae vizuri, wapumzike wakichoka, na picha za mazoezi hayo zimebandikwa ukutani hadi zimepauka. Lakini urefu wa meza hawakuupanga wao, mkasi hawakuuchagua wao, na idadi ya vipande vya siku hawakuiweka wao. Mambo hayo matatu yako mezani kwenu, na ndiyo ninayoombea barua hii nafasi ya kusomwa.

Ugonjwa ninaouzungumzia ni ule wa neva kubanwa ndani ya kifundo cha mkono, ambao hospitalini huitwa sindromu ya kapali taneli. Kwangu ulianza usiku. Niliamka saa tisa nikakuta kidole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi, kisha vikaanza kuchomachoma kana kwamba vinadungwa sindano ndogo ndogo. Niliketi kitandani, nikauning'iniza mkono na kuukung'uta kama mtu anayekung'uta maji baada ya kunawa, na baada ya dakika chache hali ikatulia. Nikajiambia kwamba nimeulalia. Usiku wa pili nikajiambia vivyo hivyo, na miezi ikapita nikijiambia maneno hayo hayo, mpaka ganzi ikaanza kunifuata mchana kazini. Nilikuwa naokota pini kwa kuitazama, kwa sababu vidole havikuwa vikiniambia tena kama nimeishika au la. Kifungo cha juu cha shati langu mwenyewe kilinichukua muda kuliko mashati matatu ya zamani.

Naomba mnivumilie nieleze kinachotokea ndani ya kifundo, kwa kuwa asiyekijua atadhani tunazungumzia uchovu wa kawaida. Pale kiganja kinapoungana na mkono pana njia nyembamba. Sakafu na kuta zake ni mifupa midogo ya kifundo, ambayo yote kwa jumla ni minane, na dari yake ni ukanda mgumu usiovutika kwa urahisi. Ndani ya njia hiyo hupita kano tisa zinazokunja vidole, na katikati ya kano hizo hupita neva moja, laini kuliko vyote vilivyo pale. Neva hiyo ndiyo inayoleta hisia za kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, na ndiyo inayoendesha misuli iliyo chini ya kidole gumba. Kidole cha mwisho kina neva yake nyingine inayopita nje ya njia hiyo, na ndiyo maana mtu mwenye ugonjwa huu husema vidole vyote vimekufa ila hicho kimoja.

Sasa fikirini jambo hili kwa upande wa nafasi. Mifupa haisogei, ukanda hautanuki, na njia haina mahali pa kuongezeka. Kano zikivimba kidogo, au utando unaozizunguka ukinenepa kwa kusuguliwa mchana kutwa, shinikizo la ziada huiangukia neva. Kifundo kikiwa kimenyooka, shinikizo ndani ya njia hiyo ni dogo. Kikikunjwa sana kwenda chini au kikipindwa sana kwenda juu, hupanda mara kadhaa, na damu inayoilisha neva huanza kupita kwa shida. Usingizini wengi wetu hulala tumekunja vifundo bila kujua, na hiyo ni sababu moja ya ugonjwa huu kujitangaza usiku. Ukiachwa muda mrefu, kile kinofu kilichotuna chini ya kidole gumba huanza kunywea, vitu huanza kudondoka mkononi, na katika hatua hiyo hata tiba nzuri huenda isirudishe kila kilichopotea.

Najua mtakalosema, kwa sababu nimeshaambiwa uso kwa uso: ugonjwa huu hautokani na kazi peke yake. Ni kweli, na sitaki kuwadanganya. Kisukari huuchochea, na vilevile tezi ya shingoni inapofanya kazi pungufu, baridi yabisi ya viungo, unene uliopita kiasi, na ujauzito, ambao hujaza maji mwilini. Wanawake huupata zaidi kuliko wanaume. Hata mfupa uliovunjika karibu na kifundo unaweza kuiminya neva, jambo ambalo daktari wa upasuaji wa Uingereza, James Paget, alilieleza tangu mwaka 1854. Lakini sioni jinsi ukweli huo unavyowapunguzia wajibu. Mfanyakazi mwenye kisukari ana neva ambayo tayari iko dhaifu. Mjamzito ana njia ambayo tayari imejaa. Ukimpa mtu huyo mkasi butu na malengo ya watu wawili, umeongeza mzigo juu ya mzigo, na huwezi kusema baadaye kwamba mgongo ulikuwa mbovu tangu mwanzo.

Na kwa upande wa kazi, mambo yanayoleta madhara yanajulikana kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa karne ya 18, daktari wa Italia aitwaye Bernardino Ramazzini alikwishaandika kwamba makarani wanaumia kwa sababu ya kukaa kutwa nzima na kuuendesha mkono katika mwendo ule ule usiobadilika. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwachunguza wafanyakazi 652 waliokuwa katika kazi 39 tofauti za viwandani. Waliokuwa katika kazi za nguvu ndogo na marudio machache, wenye ugonjwa huu walikuwa asilimia 0.6, katika kazi zilizodai nguvu nyingi na marudio mengi kwa pamoja, walikuwa asilimia 5.6. Kazi ya marudio mengi waliihesabu kuwa ile ambayo mzunguko wake mmoja haufikii sekunde 30, au ambayo zaidi ya nusu ya mzunguko huo ni mwendo ule ule. Nilipoisoma fasili hiyo kwa mara ya kwanza nilisimama nikahesabu mizunguko yangu mwenyewe ya mkasi. Sikufika hata sekunde 10.

Shirika la Kazi Duniani nalo, katika orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi iliyorekebishwa mwaka 2010, limeutaja ugonjwa huu kwa jina, pale unapotokana na kazi ya muda mrefu yenye nguvu na marudio, kazi yenye mtetemo, kifundo kupindwa kupita kiasi, au mchanganyiko wa hayo. Kwa hiyo hatuzungumzii malalamiko ya watu wavivu.

Ruhusuni nianze na mkasi, kwa kuwa ndio niliokaa nao kuliko kifaa kingine chochote. Mahali nilipofanya kazi, ambapo jina silitaji, mikasi ilikuwa inanolewa pale tu inapogoma kabisa. Mkasi haugomi kwa siku moja. Huwa mzito kidogo kidogo, na mkono huziba pengo hilo bila mwenyewe kutambua: leo unaminya zaidi kidogo, wiki ijayo zaidi kidogo tena, mpaka kila mkato unaanzia begani. Mpini wa chuma nao, kwa kuwa ulikuwa mfupi, ulikuwa unaishia katikati ya kiganja na kugandamiza pale pale chini ya ukanda niliokwisha kuueleza. Jioni nilikuwa na mstari mwekundu kiganjani ambao haukufutika mpaka kulala. Tulipopata fundi wa kunoa baada ya kuomba kwa muda mrefu, mkono wangu ulijua kabla ya macho: makali yalipita kwenye tabaka za kitambaa kizito bila ule mshindo wa kusukuma, na jioni ile mstari haukuwepo. Hakuna zoezi hata moja kati ya yale ya ukutani lililowahi kunipa nafuu iliyolingana na jiwe la kunolea.

Basi ombi langu kwa maafisa ununuzi ni kwamba msinunue kifaa cha mkono kwa kuangalia bei peke yake, na msikinunue bila kukitia mikononi mwa watakaokitumia. Mpini wa kushikwa kwa kiganja kizima unafaa uwe na unene wa takriban sentimita 3 hadi 5, na urefu utakaovuka upana wa kiganja ili ncha yake isiingie katikati na kuikandamiza neva. Kubana kitu kwa ncha za vidole ni mzigo mkubwa zaidi kwa kano kuliko kukishika kwa kiganja, kwa kuwa nguvu ya ncha za vidole ni takriban robo tu ya nguvu ya kiganja. Kwa hiyo pale kazi inapomlazimu mtu kubana vibanio vidogo siku nzima, tafuteni kibanio cha aina nyingine. Pale mpini ulionyooka unapomlazimu mtu kupinda kifundo, upo mpini uliopindwa kiwandani ili kifundo kibaki kimenyooka. Anayetumia mkono wa kushoto apewe mkasi wa mkono wa kushoto. Glavu ziwe za kipimo cha mvaaji, maana glavu kubwa humfanya mtu aminye kwa nguvu zaidi ili kitu kisiponyoke.

Meza zetu zote zilikuwa za kimo kimoja na sisi hatukuwa wa kimo kimoja. Mwenzangu mmoja, mfupi kuliko wote katika safu yetu, alikuwa anakata huku kiwiko chake kikiwa chini ya meza na kifundo kimejikunja kama shingo ya bata. Fundi wa matengenezo, kwa hiari yake na bila kuambiwa na mtu, alichukua mbao za masanduku yaliyokwisha kutumika akampigilia jukwaa la kusimamia. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Kuanzia siku hiyo mkono wa dada yule ulinyooka, na msimamizi wa zamu aliyekuwa anamgombeza kwa kuchelewa hakuwa na la kumgombeza. Kwa kazi nyepesi ya kusimama, meza inapaswa kuwa chini kidogo ya usawa wa kiwiko cha anayeitumia, na kama haiwezekani kuishusha au kuipandisha meza, basi apandishwe mtu.

Kwa walio maofisini sitasema mengi. Ushahidi dhidi ya kibodi yenyewe ni hafifu kuliko watu wanavyodhani, na upande wa kipanya kinachoshikwa kwa saa nyingi una uzito zaidi kidogo. Hata hivyo kanuni ya kifundo ni ile ile: kibodi ilale bapa bila kuinuliwa miguu yake ya nyuma, kipanya kikae karibu na si mwisho wa meza, viwiko viwe usawa wa meza, na ukingo mkali wa meza usiwe ndiyo mto wa vifundo.

Linalonikera zaidi ni mwendo wa kazi, kwa sababu ndilo jambo ambalo wakuu wengi hawataki liguswe. Mnatuambia tupumzike, kisha mnatulipa kwa kipande. Anayelipwa kwa kipande akipumzika anajikata mshahara kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna mwenye watoto atakayefanya hivyo kwa sababu ya bango. Pumziko la mkono, ili liwe la kweli, lazima lihesabiwe ndani ya malengo ya siku na lilipwe. Liwe fupi na la mara kwa mara, dakika chache katika kila saa, badala ya kusubiri pumziko moja refu la mchana wakati kano zimekwishavimba. Na pale watu wawili wanapougua au kuacha kazi, msigawe vipande vyao kwa waliobaki kana kwamba mikono inazaliana.

Kuna kubadilishana kazi pia, ambako naona kunasifiwa kuliko kunavyofanywa. Sisi tulibadilishwa kila baada ya saa mbili, kwa karatasi. Kutoka mkasi mkubwa tulipelekwa kwenye mkasi mdogo wa kupunguza nyuzi. Kwa aliyepanga ratiba hizo zilikuwa kazi mbili. Kwa neva ilikuwa kazi moja. Mabadiliko yenye maana ni yale yanayompeleka mtu kwenye kazi inayotumia mwili kwa namna nyingine: kutandaza kitambaa, kuweka alama, kukagua kwa macho, kupanga oda. Kabla ya kuandika ratiba, tazameni mkono unafanya nini, wala msitazame kazi inaitwaje.

Mashine zinazotetema zina sheria yake. Mtetemo huumiza neva na mishipa ya damu kwa njia yake wenyewe, na humfanya mtu ashike kwa nguvu zaidi kuliko inavyohitajika. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2002, ziliweka kwamba mtetemo wa mikononi ukifika wastani wa mita 2.5 kwa sekunde mraba kwa siku ya saa 8, mwajiri anapaswa kuchukua hatua za kuupunguza, na kwamba usivuke mita 5. Hata pale ambapo agizo hilo halina nguvu za kisheria, vipimo hivyo ni mwongozo mzuri. Makali yabadilishwe kwa wakati, skrubu zikazwe, mashine iliyochakaa iondolewe, na saa za kuishika zigawanywe kati ya watu. Baridi nayo huzidisha madhara, hivyo anayefanya kazi kwenye chumba cha baridi asiachwe na vidole vilivyoganda.

Nina neno kuhusu gango la kifundo. Kwa aliyekwisha kuugua, gango linaloushika mkono ukiwa umenyooka wakati wa kulala ni tiba, na lilinisaidia. Lakini nimeona sehemu zinazowagawia wafanyakazi wazima magango wayavae wakikata, kama kinga. Meza ikiwa ya kimo kibaya na kifundo kikazuiwa kupinda, mwili utatafuta kupinda kwingine, na atakayelipa ni kiwiko au bega. Msinunue magango kwa pesa ambayo ingenunua jukwaa la mbao.

Mahali pangu pa kazi nilikawia kusema. Sikukawia kwa ujinga. Nilimwona mwenzangu aliyesema mapema akihamishiwa zamu yenye malipo madogo, na wiki chache baadaye jina lake likakosekana kwenye ratiba. Baada ya hapo sote tulijifunza kukung'uta mikono chooni. Nilipofika kwa daktari, aliniambia nigusanishe migongo ya viganja huku vifundo vimekunjwa, nikae hivyo dakika moja. Ganzi ilifika kabla ya dakika kwisha. Ningekwenda mapema, huenda gango la usiku, kubadilishiwa kazi kwa muda au sindano ya kupunguza uvimbe vingetosha. Kwangu ilibidi ule ukanda ukatwe kwa upasuaji ili neva ipate nafasi. Namshukuru aliyenipasua, kwa kuwa usiku sasa nalala. Nguvu za kuminya hazijarudi zote.

Kwa hiyo nawasihi mfungue mlango wa kusema bila adhabu. Awepo mtu ambaye mfanyakazi anaweza kumwambia "vidole vyangu vinakufa ganzi usiku" na jambo la kwanza litakalofuata liwe kukaguliwa kwa meza yake na kifaa chake, kisha apelekwe kwa daktari, na malipo yake yasiguswe. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika ibara ya 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Na tangu mwaka 2022 mazingira ya kazi yaliyo salama na yenye afya yamewekwa na shirika hilo miongoni mwa haki za msingi za kazi, pamoja na kukatazwa kwa kazi ya kulazimishwa na ya watoto.

Ninachowaomba mkifanye wiki hii hakihitaji bajeti. Chagueni meza moja, ile yenye malengo makubwa kuliko zote, mkasimame kando yake kwa nusu saa bila simu. Tazameni kifundo cha mtu aliyeko pale, mhesabu kinapinda mara ngapi kwa dakika moja. Ombeni kifaa chake mkishike wenyewe, mkate alichokuwa anakata, mara 20 mfululizo, kwa mwendo wake. Kisha mwulizeni, msimamizi wake akiwa mbali, ni vidole gani vinavyomwamsha usiku, na mwandike jibu lake pamoja na tarehe mtakayorudi kumwonyesha kilichobadilika.

Wenu katika kazi,

Aliyekuwa mkataji wa vitambaa